Namna ya Kukijua Kilishio Chema cha Mtambo wa Chapa

Mtu wa Busia au wa Tororo anapoazimia kununua mtambo wa chapa uliokwisha kutumika, ambao aghalabu umeshushwa Mombasa kutoka Ulaya na kupita mikononi mwa madalali wa Nairobi au wa Nasser Road kule Kampala, jambo la kwanza aambiwalo na muuzaji ni idadi ya karatasi zinazochapwa kwa saa moja. Mimi nasema hadhi ya mtambo imo katika kilishio, yaani sehemu ile inayoinua karatasi moja moja kutoka katika rundo na kuzifikisha penye koleo za silinda; kwa sababu roli iliyochakaa hubadilishwa na wino mbaya humwagwa, lakini kilishio kilichochoka humfilisi tajiri wake polepole, kwa karatasi zilizokunjamana na kazi zilizorudishwa.

Tuchukue mfano wa Heidelberg GTO, mtambo wa Kijerumani uliotolewa mwaka 1972, ambao huweza kuchapa hadi karatasi 8,000 kwa saa. Maana yake ni kwamba kila karatasi imepewa muda usiotimia nusu sekunde, na katika muda huo upepo hupulizwa kuzitenga karatasi za juu, vinyonyeo hushuka vikaishika moja, magurudumu huikimbiza juu ya meza, vizuizi vya mbele huisimamisha, kizuizi cha ubavuni huivuta hadi mahali pake halisi, ndipo koleo huipokea. Siri yote imo katika kule kusimama: karatasi isiyotulia kabisa kabla ya kushikwa, hata ikiwa imepotoka kwa unene wa unywele, itachapwa upande, na rangi ya pili haitaikuta ya kwanza. Mitambo mikubwa huiepuka haraka hiyo kwa hila nzuri sana, kwani karatasi huenda zimepandiana kama magamba ya samaki, kila moja ikisogea taratibu ilhali mtambo wenyewe unakwenda mbio. Hila hiyo naistahi, lakini kwa matbaa ya mji mdogo, yenye kazi za vitabu vya risiti, mitihani ya shule na kadi za arusi, nakikadimisha kilishio cha karatasi moja moja, ambacho marekebisho yake ni machache na fundi mmoja huyamudu.

Basi usikikague kikiwa kimesimama na kupakwa rangi mpya. Agiza kiwashwe, ufumbe macho, usikilize: kilishio kizima kina mwendo uliolingana tangu karatasi ya kwanza hadi ya mwisho, na vinyonyeo vyake vikikosa utasikia mapigo yakiruka. Gusa mipira ya vinyonyeo, kwa kuwa iliyokauka na kupasuka huvujisha hewa. Tena ikumbukwe kwamba Busia na Tororo ziko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo pampu iliyojikongoja kule pwani huenda ikashindwa huku.

Karatasi ya majaribio ilete mwenyewe. Muuzaji atapenda kutumia karatasi nzito na nyororo, ambayo hata kilishio kibovu huipitisha. Wewe njoo na ile nyembamba ya gramu 60 au pungufu, iliyokaa nje ya kanga yake wakati wa masika mpaka kingo zikafanya mawimbi. Tangu kiwanda cha Pan Paper cha Webuye, kilichokuwa kikitoa karatasi karibu nasi tangu 1974, kisimame mwaka 2009, mpiga chapa hana hakika kwamba rimu ya leo itafanana na ya kesho, na kilishio kinachochagua chakula hakimfai.

Kisha gandisha karatasi mbili kwa gundi kidogo ukingoni, uzitie katikati ya rundo. Mtambo sharti ujisimamishe wenyewe. Ukizimeza zote mbili, mlinzi wa karatasi pacha amekufa au amefungwa waya, na siku moja bonge la karatasi litaiponda blanketi, yaani mpira uliovikwa silinda.

Jaribio la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote. Chapa msitari mwembamba unaotoka nje ya ukingo wa ubavuni, upitishe karatasi mia kadhaa, kwanza kwa mwendo wa pole na halafu kwa kasi, uzipange na kuzigongesha mezani mpaka zilingane, kisha utazame ubavu wa rundo. Alama zikijipanga wima, vizuizi vya mbele ni vizima; zikiyumba, vina hitilafu, na zikiyumba pale tu kasi ilipoongezwa, basi idadi uliyotajiwa mwanzoni si ya mtambo huo tena, na bei ishuke kwa kadiri hiyo. Na muuzaji akikataa mtambo wake usilishwe karatasi yako, funga safari urudi nyumbani na fedha zako.