Waliopiga Magoti kwenye Zege

Kabla ya kushika chaki, yule mzee jirani yetu alipapasa zege kwa kiganja. Ilikuwa Aprili 2020, mjini Ann Arbor, Michigan. Amri ya Gavana Gretchen Whitmer ya watu kukaa nyumbani ilikuwa imeanza tarehe 24 Machi, shule zimefungwa, nyumba za ibada kimya, na kilichobaki cha kufanya nje ni kutembea. Basi tulitembea. Njia ya miguu ya mtaa wetu, ambayo hakuna aliyekuwa akiijali, ikaanza kutazamwa.

Mzee aliwahi kufundisha uchoraji. Alipiga magoti juu ya kipande cha zulia kuukuu, pembeni bakuli la maji na mkebe wa chaki nene, akachora samaki. Zege la huku hupigwa ufagio likiwa bado bichi ili watu wasiteleze, na mikwaruzo ile hubaki humo miaka yote. Chaki ikiburuzwa kuifuata mikwaruzo hupita juu juu. Ikiikatiza, zege huila na rangi hushika. Mgongo wa samaki aliukatiza, tumbo akalifuatisha, na kwa chaki ile ile moja akapata mwanga juu na kivuli chini. Ufa uliopasua zege kutoka kona hadi kona akaufanya mshipi. Jicho alilichora mwisho, kwa chaki aliyoichovya majini, rangi ikatoka nzito. Mvua iliponyesha, mwili ulitangulia kufutika, jicho likakawia.

Kuanza na kasoro ndiyo desturi ya mji huu. David Zinn amekuwa mchoraji hapa Ann Arbor tangu 1987, kwenye njia huchora kwa chaki na makaa, na viumbe wake wanajulikana mbali: Sluggo, yule wa kijani mwenye macho juu ya vikonyo, na Philomena, nguruwe anayeruka angani. Mara nyingi ufa, doa au nyasi iliyochomoza ndivyo vinavyoamua nani atazaliwa pale. Asiyetazama chini hapati cha kuchora.

Mama aliponipigia simu kutoka Tanga nikamsimulia.

“Watu wazima, mwanangu?”

“Watu wazima, mama.”

“Wanachora chini, pa kukanyagwa?”

“Hapo hapo.”

Akacheka. “Haya. Kumbe yule mwalimu wenu wa jiografia ana ndugu huko.”

Alisema kweli. Mwalimu wetu alikuwa akifunga chaki kwenye uzi wa katani, anabana ncha ya pili kwa kidole gumba katikati ya ubao, anazungusha mara moja, na dunia imepatikana, duara lisilo na pengo. Afrika aliichora bila kitabu mkononi. Alianzia Tanja, akashuka pwani ya magharibi akiongea na sisi, akaingia ghuba ya Guinea, akazunguka Rasi, na alipofika kwetu alipunguza mwendo. Pemba, Unguja na Mafia aliziweka kwa kugonga chaki, nukta tatu, kila moja mahali pake. Mkono wa shati umekuwa mweupe hadi kwenye kiwiko. Kengele ikilia, mwanafunzi wa zamu anashika dasta, bara lote linakwenda, na mwalimu yuko mlangoni, hageuki kutazama. Sijui siku hizi kuna mwalimu anayeweza kuichora Afrika kwa kichwa. Ramani zimo kwenye simu, zinavutwa kwa vidole viwili.

Ufundi huu wa kuchora chini una wazee wake. Italia wanawaita madonnari, kwa kuwa waliichora sana Bikira Maria, na tangu 1973 hukusanyika Grazie, karibu na Mantova, kila sikukuu ya 15 Agosti. London nayo ilikuwa na wake. George Orwell alimwandika mmoja katika kitabu chake cha 1933, mtu aliyefanya kazi karibu na daraja la Waterloo akitegemea sarafu za wapita njia. Hao walichora ili wale. Majirani zetu walichora kwa sababu hawakuweza kubisha hodi.

Tusidanganyane, vingi havikuwa vizuri. Pinde za mvua zilipinda visivyo, na shukrani kwa wauguzi na wapeleka barua ziliishiwa nafasi kabla ya neno la mwisho. Lakini nyumba ya kona walibandika ile selotepu ya karatasi ya mafundi rangi, wakagawa zege pembetatu pembetatu, na kijana wao akajaza kila moja rangi yake, anakoleza, anapangusa kwa soksi, hadi ncha za vidole zikachubuka. Walipoibandua, mistari ikabaki safi, wembamba mmoja. Wapita njia walishuka barabarani wasiikanyage. Watu wakasimama, kila mmoja umbali wake, barakoa usoni, wakaulizana habari kwa mara ya kwanza tangu wahamie mtaa ule.

Amri iliondolewa tarehe 1 Juni. Watu wakarudi kwenye magari yao, chaki zikaingia gereji nyuma ya mashine za kukatia nyasi. Kilichodumu ni zile stika za plastiki za madukani, SIMAMA HAPA, zilizobandikwa na mtu asiyepiga goti kwa ajili ya yeyote. Nyingine ziliendelea kung'ang'ania sakafu wakati hakuna tena anayezitii. Mzee amehamia kwa binti yake. Walionunua nyumba yake ni watu wema, wanapunga mkono wakiwa ndani ya gari, kioo kimefungwa.

Yule kijana wa kona sasa amekuwa mrefu kunizidi. Nilimwuliza juu ya zile pembetatu. Akafikiri kidogo, akasema picha ipo, ila iko kwenye simu ya zamani, na chaja yake haijulikani ilipo.