Milimita Moja na Robo

Anayeishika kwa mara ya kwanza Stereo Realist, kamera inayopiga picha mbili, moja kwa kila jicho, ili mandhari yaonekane na kina, huiinua vibaya. Hutafuta tundu la kuchungulia kule juu, lilipo katika kamera nyingi, asilione. Liko nyuma, chini kabisa karibu na kitako, na jicho likishafika hapo kamera yenyewe humkaa kwenye paji la uso. Si kasoro. Paji la uso ni egemeo imara kuliko mikono, na kamera ya lenzi mbili inahitaji egemeo. Ikilala upande kidogo tu, lenzi moja huwa juu ya mwenzake, na atakayeitazama picha baadaye huvutwa jicho moja juu na jingine chini mpaka kichwa kimuume. Picha ya kawaida iliyopinda huvumilika. Picha ya kina iliyopinda huchosha.

Katikati ya lenzi mbili zinazopiga kuna ya tatu, ndogo, ya kuchungulia tu. Vioo vya ndani huiteremsha taswira yake hadi lile tundu la chini. Kwa hiyo mpigaji huona mandhari kutoka katikati, kati ya jicho la kushoto na la kulia la kamera, hali kamera nyingi za enzi hiyo zilimwonesha mandhari kutoka pembeni.

Mbunifu wake, Seton Rochwite, alipenda picha za kina tangu ujana na alijitengenezea kamera zake nyumbani kabla ya kulipeleka wazo lake kwa kampuni ya David White ya Milwaukee, Marekani. Kampuni hiyo ilizoea kutengeneza vyombo vya wapima ardhi, na naamini ndiyo sababu kamera iliyoingia sokoni mwaka 1947 ina sura ya kifaa cha kazi kuliko pambo: mwili wa alumini uliofunikwa ngozi nyeusi, na kifuniko kinachoinuka mbele na kuziachia lenzi zote kwa mara moja. Rais Eisenhower wa Marekani alipiga nayo. Harold Lloyd, nyota wa filamu zisizo na sauti, aliipenda mno na akaacha hazina kubwa ya slaidi.

Lakini uzuri wenyewe uko ndani. Ifungue mgongo.

Utaona madirisha mawili ya kupitishia mwanga, kila moja likiwa na upana wa matundu 5 ya filamu ya milimita 35. Picha ya kawaida huchukua matundu 8. Madirisha hayo yako mbali kiasi kwamba kati ya picha ya kushoto na ya kulia hubaki nafasi za picha mbili zikiwa tupu. Mtu angedhani filamu inapotea. Haipotei, kwa sababu kila ukivuta, filamu husogea nafasi mbili kamili, na jozi mpya hujipenyeza katika mapengo ya jozi zilizotangulia. Hubaki nafasi moja tu isiyotumika mwanzoni, na nyingine mwishoni. Roli ya picha 36 hutoa jozi 28 au 29. Ukiinyanyua filamu iliyosafishwa na kuitazama kwenye mwanga, utakuta picha za macho mawili zimesukana, na anayekata bila kujua mpangilio huo huziachanisha jozi asiweze kuzirudisha kirahisi.

Namna inavyorekebisha umbali nayo yastahili kutazamwa polepole. Kamera nyingi huisogeza lenzi mbele na nyuma. Kuzisogeza lenzi mbili kwa kipimo kimoja, mwaka hadi mwaka, ni kazi ngumu, na zikipishana jicho moja litaona vizuri na jingine litaona ukungu. Rochwite alizikaza lenzi zote mbili mahali pake, akaisogeza filamu. Ukizungusha kifundo cha kando, sakafu inayobeba filamu ndiyo inayokwenda mbele au nyuma, na kwa kuwa filamu ni moja, macho yote mawili hupata marekebisho yaleyale.

Kisha kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Kutoka katikati ya lenzi moja hadi katikati ya nyingine pana milimita 70. Kutoka katikati ya dirisha moja la filamu hadi katikati ya jingine pana milimita 71 na robo. Tofauti hiyo ndogo imewekwa kwa makusudi. Madirisha yakiwa yameachana kidogo zaidi kuliko lenzi, kitu kilicho umbali wa mita 2 hivi huangukia mahali pamoja katika picha zote mbili, na mtazamaji humwona mtu aliyesimama hapo akiwa sawasawa na fremu ya picha. Kilicho mbali zaidi hukaa nyuma ya fremu, kama mandhari yaonekanayo kupitia dirisha la nyumba. Kilicho karibu zaidi hujitokeza mbele yake, na kikikatwa na ukingo macho hukataa kukiamini. Mbunifu alimwamulia mpigaji mwanzo wa kina, kwa chuma, kabla filamu haijatiwa.

Ukiitafuta leo, usiridhike na ngozi safi. Fungua mgongo, elekeza lenzi kwenye ukuta mweupe, kaza shata kwa wenzo wake (kuvuta filamu hakuikazi), kisha fyatua kwa kasi ya sekunde moja. Miduara miwili ya mwanga ifunguke pamoja na ifungike pamoja. Mafuta ya zamani yakiganda, mmoja huchelewa, na hiyo ni kazi ya fundi mvumilivu. Chungulia pia kipima umbali, kwani pigo linalotosha kukiharibu huenda lisiache alama nje.

Kodachrome, filamu iliyozifanya slaidi za miaka ya 1950 zibaki na rangi zake hadi leo, haisafishwi tena. Maabara ya mwisho, huko Kansas, iliacha kuipokea mwishoni mwa 2010. Ektachrome, filamu nyingine ya slaidi, ilirudi 2018 na inafaa. Tia roli, tafuta kitu cha kusimama mita 3 mbele, kingine nyuma yake, na upeo wa mbali, uegemeze paji la uso, ufyatue.