Deni la Wagiriki kwa Wafoinike

Husemwa mara nyingi kwamba Wagiriki wa kale ndio waliovumbua alfabeti. Wengine hujibu kwamba waliiga tu. Sisi twaona kwamba kauli zote mbili zina upungufu, na haifai mwalimu wa lugha aridhike na mojawapo.

Kwamba walikopa, hapana shaka. Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 K.K., aliandika kwamba herufi hizo zililetwa na Wafoinike. Majina yake nayo yashuhudia: alpha na beta hayana maana nyingine katika Kigiriki, ilhali kwa Wafoinike alef ni ng'ombe na bet ni nyumba. Hata mwelekeo ulikopwa: maandishi ya gudulia la Dipylon, lililopatikana Athens na ambalo ni la mnamo 740 K.K., yaenda kutoka kulia hadi kushoto.

Lakini herufi 22 za Wafoinike ziliandika konsonanti tu. Irabu alizijaza msomaji mwenyewe kwa kuijua lugha. Hapo ndipo kazi ya Wagiriki ilipoanza. Alef na ayin zilikuwa herufi za sauti za kooni ambazo Kigiriki hakikuwa nazo. Wagiriki hawakuzitupa, bali walizipa kazi mpya: alef ikawa A, ayin ikawa O. Vivyo hivyo he ikawa E, yod ikawa I, na waw ikazaa U. Baadaye wakaongeza herufi zao wenyewe, kama phi na psi.

Jambo hili si geni kwetu. Neno "elimu" katika Kiarabu huanza kwa ain. Kiswahili kiliiacha ain, kikabaki na irabu. Tena washairi wa pwani walioandika kwa hati za Kiarabu walikuwa na alama tatu za irabu fupi kwa lugha yenye irabu tano, hata E ikaandikwa sawa na I, na O sawa na U. Walilijua vema tatizo walilokabili Wagiriki.

Basi wanaokibeza Kiswahili kwa sababu kimekopa, na walitafakari hili. Naye mwalimu amwulizaye mwanafunzi, "Nani alivumbua alfabeti?" na kutaka jibu la neno moja, amemnyima somo lenyewe. Afadhali aulize: walipokea nini, na walikitendea nini?