Wimbo wa Kumi

Albamu ya No Fences ya Garth Brooks ilitoka mwaka wa 1990 ikiwa na nyimbo kumi. Mwombe Mkenya yeyote mpenzi wa kantri akuimbie mmoja, na nina hakika atachagua "Friends in Low Places", tena ataimba kiitikio kwa nguvu hata kama hana sauti. Si ajabu. Wimbo ule ulikaa nambari moja kwa majuma manne kwenye chati ya kantri kule Marekani, na hapa kwetu baa yenye usiku wa kantri isipoupiga wateja watauliza kulikoni. Lakini hebu iache albamu icheze mpaka mwisho. Wimbo wa kumi unaitwa "Wolves", na aliyeuandika ni Stephanie Davis. Ni Januari, baridi kali. Jirani amepitia na familia yake kuaga: benki inachukua shamba, kwa sababu miaka ya karibuni imekuwa ya ukame. Msimulizi anabaki na mifugo yake, anawaza wanyama wanaoachwa nyuma na kundi, na anamwomba Mungu asiwe yeye atakayeangushwa na mbwa-mwitu.

Basi, umeisha. Hakuna kiitikio cha kugongea meza. Kutoka albamu hiyo kampuni ilipeleka redioni singo nne, zote zikafika nambari moja, na albamu yenyewe imeuza zaidi ya nakala milioni 17 huko Marekani. "Wolves" haukuwa mmoja wa hizo nne.

Mimi naona kantri tunayoipenda Kenya ni nusu ya kantri, na nusu hiyo tulichaguliwa na watu wasiotujua. Nusu iliyobaki ndani ya albamu ndiyo iliyokuwa na habari zetu. Fikiria: taifa ambalo matangazo ya minada ya mashamba hujaza kurasa za magazeti, ambalo mtu akichukua mkopo kwa hati ya shamba la babake ukoo mzima hukosa usingizi, limeimba wimbo wa mlevi aliyeharibu sherehe ya mpenzi wake wa zamani kwa miaka zaidi ya thelathini, na halijui kwamba ndani ya kanda hiyohiyo kulikuwa na wimbo wa benki na ukame.

Tuliletewaje nusu? Kwanza ni redio yenyewe ya Marekani. Kampuni ya muziki huchagua nyimbo tatu, nne au tano kutoka albamu, mmoja baada ya mwingine, na kuzisukuma kwa stesheni. Msimamizi wa vipindi pale stesheni anaogopa kitu kimoja, dereva kunyoosha mkono na kubadilisha stesheni kabla ya tangazo la biashara. Mwaka wa 2015 mshauri mmoja wa redio za kantri alisema waziwazi kwamba stesheni zipunguze nyimbo za wanawake, akawafananisha wanaume na mboga za majani katika saladi, na wanawake na nyanya za kurembea. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, lakini tusijifanye alibuni kitu kipya. Alisema tu kwa sauti kilichokuwa kikisemwa ofisini.

Chujio la pili ni letu sisi. Kantri ilitufikia kwa vipindi vya redio vya Jumapili na vya jioni, kwa Sundowner ya KBC, na kwa kanda. Na kanda zilizopendwa zilikuwa za "Greatest Hits": Kenny Rogers, Jim Reeves, Don Williams, Dolly Parton. "Greatest Hits" ni nini kama si singo zilizokusanywa pamoja? Kwa hivyo hata aliyelipa pesa zake kununua albamu, alinunua redio. Baadaye zikaja santuri za ma-DJ zenye nyimbo hamsini, kila mmoja umekatwa kabla ya ubeti wa mwisho, na ubeti wa mwisho katika kantri ndiko maiti inakopatikana.

Sasa, usinielewe vibaya. Sisemi redio ilitaka furaha tupu. Kantri bila huzuni ni tangazo la jeans. Redio iliipenda huzuni, lakini huzuni yenye mlango wa kutokea. Sikiliza zile zinazopendwa hapa. "The Gambler" ya mwaka wa 1978: mzee anakufa ndani ya treni, lakini kabla hajafa anakuachia ushauri ambao kila mjomba Kenya ameutumia kwenye harusi. "Coward of the County": kuna ukatili wa kutisha pale katikati, kisha mwoga anasimama na kuwanyoosha wabaya. "Coat of Many Colors": umaskini mtupu, na mtoto anatoka akiwa na fahari. Kila moja inakupa kitu cha kwenda nacho nyumbani, na nyingine ni nzuri mno. Lakini baada ya kusikiliza thelathini mfululizo unaanza kuamini kwamba shida zote duniani huisha dakika ya tatu.

Dolly Parton huyohuyo, mwaka wa 1970, alitoa albamu iitwayo The Fairest of Them All. Ndani yake mna "Down from Dover". Msichana ana mimba. Kijana amekwenda zake na ahadi ya kurudi. Wazazi wanaona aibu. Msichana anaondoka nyumbani, anapata mahali kwa mama mzee, anahesabu miezi, na kila ubeti tumbo linakua na kijana hajafika. Mtoto anazaliwa amekufa. Hapo ndipo mama yake anaelewa kwamba baba naye hatakuja. Mpigo haubadiliki, hakuna fidla inayopanda kuashiria machozi, na Dolly anaimba kama mtu anayetoa maelezo kwa karani. Kwa maoni yangu huu ni utunzi bora kuliko "Jolene", na najua barua za matusi zinakuja. Katika "Jolene" mwanamke ana mtu wa kumsihi. Huyu wa Dover hana hata wa kumlaumu usoni.

Singo iliyotolewa kutoka albamu ile ilikuwa "Daddy Come and Get Me", kuhusu mwanamke aliyefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili na mume wake. Mada nzito, ndiyo, lakini angalia jina: kuna baba wa kuitwa. Mlango upo. "Down from Dover" haukutolewa. Nancy Sinatra na Lee Hazlewood waliuimba miaka michache baadaye, na Dolly mwenyewe akaurudia katika albamu ya Little Sparrow mwaka wa 2001, miaka thelathini na moja tangu aurekodi mara ya kwanza. Mtu harudii wimbo namna hiyo kama amekubali kwamba ulisikika.

Na hadithi ya msichana wa Dover, nani hapa hajaisikia? Msichana "ameenda kukaa kwa shangazi" katikati ya muhula, watu wanaelewa, hakuna anayeuliza. Tuna methali, tuna mahubiri, tuna mikutano ya wazazi juu yake. Wimbo wa dakika chache unaomwacha asimulie mwenyewe, bila mzee wa kumkemea mwishoni, ulikuwepo kwenye santuri ya mwanamke tunayemwita dada yetu. Hatukuupata.

Patty Loveless ni kesi nyingine, na huenda ndiye mfano mzuri kuliko wote. Redioni alifika nambari moja na nyimbo nyepesi kama "Timber, I'm Falling in Love" na "Chains". Ni nzuri, zinachezeka, nazo zilimlipia nyumba. Kisha mwaka wa 2001 akatoa Mountain Soul, albamu ya gita, fidla na banjo, muziki wa milima ya kwao Kentucky, na humo akaweka "You'll Never Leave Harlan Alive" ya Darrell Scott. Baba yake Loveless alikuwa mchimba makaa ya mawe, na vumbi la mgodi ndilo lililomuua, kwa hivyo haimbi habari za kuambiwa. Wimbo ni historia ya familia moja katika bonde lililobanwa na milima. Anakuja mtu kutoka kaskazini-mashariki na noti za dola mia, anataka kununua madini yaliyo chini ya shamba. Wanauza kwa bei ya kutupa, wanahamia kwingine kulima tumbaku, wanacheza na kucheka kwamba wameponyoka. Halafu tumbaku inakosa soko. Babu anarudi kulekule Harlan kuchimba makaa, anatuma pesa nyumbani, na hatoki tena.

Kinachonishika ni mahali mtunzi alipoiweka ile furaha. Mtunzi wa singo angeimalizia hapo, kwenye shamba jipya, watu wakicheza. Scott anaiweka katikati ili aivunje. Na jambo lenyewe halikuwa la kubuni: Kentucky kulikuwa na mikataba iliyotenganisha umiliki wa ardhi na umiliki wa madini yaliyo chini yake, na mwenye madini aliweza kuja miaka mingi baadaye kuifukua ardhi ya wajukuu. Wapiga kura wa jimbo hilo walibadilisha katiba kupunguza nguvu za mikataba hiyo mwaka wa 1988. Msomaji wa Mui kule Kitui, ambako makaa ya mawe na fidia ya ardhi vimezungumzwa miaka nenda miaka rudi, hahitaji maelezo zaidi.

Hata singo zenyewe wakati mwingine hukatwa ili zipite. "The Thunder Rolls", ambao ndio unaofungua No Fences, una ubeti wa tatu ambao haumo katika albamu. Mke anachukua bastola. Brooks huuimba jukwaani. Bila ubeti huo una mvua, mume mzinifu na mke anayengoja dirishani, na kila kitu kinaning'inia. Ukiwemo, ni wimbo mwingine kabisa. Video iliyoonyesha mume akimpiga mke ilipigwa marufuku na vituo viwili vya televisheni za kantri mwaka wa 1991. Wimbo bado ukafika nambari moja, jambo linalonifanya nishuku kwamba wasikilizaji walikuwa na kifua kipana kuliko walinzi wao.

Hilo la kifua kipana lina ushahidi mwingine. Willie Nelson alipopeleka Red Headed Stranger mwaka wa 1975, wakubwa wa Columbia walidhani ni rekodi ya majaribio, haijamalizika. Ni hadithi moja ndefu ya mhubiri aliyemuua mke wake na mpenzi wa mke huyo. Redio ikachukua "Blue Eyes Crying in the Rain", wimbo wa kuagana wa Fred Rose, ukampa Nelson nambari moja yake ya kwanza kama mwimbaji. Ukiusikia peke yake ni wimbo mtamu wa mapenzi. Ukiusikia mahali pake, anayelia ni mtu ambaye tayari ameua, na utamu unageuka uchungu mdomoni. Na Chris Stapleton je? Albamu yake ya Traveller ya mwaka wa 2015 iliongozwa redioni na wimbo wenye jina hilo. Watu wakaja kukimbilia "Tennessee Whiskey", wimbo wa zamani ambao George Jones alishauimba, baada ya Stapleton kuuimba na Justin Timberlake kwenye tuzo za CMA mwezi wa Novemba. Usiku mmoja mbele ya hadhira, na uchaguzi wa kampuni ukasahaulika.

Wako watakaosema: si kila kilichofichwa ni dhahabu. Kweli kabisa. Albamu nyingi za kantri za miaka ya 60 zilikuwa wimbo mmoja wa maana na tisa za kujazia, nusu yake zikiwa nyimbo zilizovuma za watu wengine. Nimezisikiliza, zinachosha. Na kuna singo zilizofika juu bila kupunguza chochote. "He Stopped Loving Her Today" ya George Jones ilishika nambari moja mwaka wa 1980, na mlango wake wa kutokea ni jeneza. "Good Ole Boys Like Me", aliyoiandika Bob McDill na kuimbwa na Don Williams, ilifika nambari mbili ikiwa imejaa vitabu, pombe ya baba na majina ya waandishi, wala haikuomba ruhusa ya mtu. Don Williams, kwa kweli, ndiye anayenisumbua katika hoja hii yote. Singo zake na nyimbo zake za ndani zinafanana kwa utulivu, na pengine ndiyo sababu aliishi vizuri hivi Afrika: kwake nusu na nzima havikutofautiana sana.

Lakini yeye ni mmoja. Waimbaji wetu wa kantri, kina Sir Elvis na wale wa mugithi wanaochanganya Kenny Rogers na Kikuyu usiku kucha, bado wanaimba orodha ileile, na siwalaumu. Mteja ndiye anayelipa, na mteja anaomba anachokijua. Siku hizi albamu nzima iko kwenye simu, bure au karibu na bure, lakini programu za muziki nazo zinakupangia zilizochezwa zaidi juu kabisa. No Fences ukiifungua utaikuta "Friends in Low Places" inakungoja katikati, nambari tano. "Wolves" iko chini, nambari kumi, na ni lazima uteremshe kidole.