Wepesi wa Kiswahili

Katika vyuo vikuu vya Kenya utabibu na uhandisi huhesabiwa kuwa masomo mazito, na Kiswahili kuwa kimbilio la aliyekosa nafasi kwingineko. Hoja itolewayo ni kwamba lugha hiyo husemwa sokoni na kila mtu. Hoja hii haisimami mbele ya Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaotaja kuanguka kwa Pate. Miswada yake iliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo kwa desturi ya zamani hazikutenga barabara i na e, wala u na o. Herufi ya b yaweza kusomwa pia mb. Msomaji hana budi kulipima kila neno kwa mizani, kwa vina, kwa lahaja ya Kiamu na kwa historia ya mji wenyewe, ndipo aamue. Irabu moja ikikosewa, maana ya mshororo mzima yaweza kugeuka.

Lakini lawama si ya wenye kudharau peke yao (wao hawajaonyeshwa kitu). Idara imtunukuyo mwanafunzi shahada bila kumsomesha hata ukurasa mmoja wa hati hizo ndiyo iuthibitishayo uvumi, na humwacha mwalimu wa kesho akizitegemea chapa asizoweza kuzisahihisha.