Mchoro si Sauti: Tahakiki ya Dirisha la Praat

Miongoni mwa vyombo vinavyotumiwa na wanafonetiki, programu ya kompyuta iitwayo Praat imejipatia nafasi ya pekee. Iliundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, na jina lake ni neno la Kiholanzi lenye maana ya 'ongea'. Ubora wake mkubwa umo katika dirisha lake: mawimbi ya sauti huonyeshwa juu na spektrogramu chini yake, kisha kidatu huchorwa kwa mstari wa buluu na fomanti kwa vitone vyekundu, vyote katika mhimili mmoja wa wakati. Sifa ambazo sikio huzipokea kwa pamoja, jicho huweza kuzichambua moja moja.

Hata hivyo, ubora huo ndio unaompoteza mtafiti asiye mwangalifu. Mstari na vitone havikutoka moja kwa moja kinywani mwa msemaji. Ni matokeo ya hesabu, na hesabu hutegemea mipaka iliyowekwa. Kwa kawaida programu hutafuta fomanti tano chini ya hezi 5500, kiwango kinachoifaa sauti ya mwanamke mtu mzima. Kwa mwanamume hupendekezwa 5000. Mtafiti asipokibadilisha kiwango hicho, huenda fomanti mbili za chini za irabu /u/ ya mzee wa Lamu, ambazo hukaribiana, zikachorwa kana kwamba ni moja. Je, tuseme basi kwamba irabu ya Kiamu imebadilika?

Tuchukue pia neno *barabara*. Likiwa na maana ya njia, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Likiwa na maana ya sawasawa, huangukia ya tatu kutoka mwisho. Mstari wa buluu ukipanda, hautuelezi kama umepandishwa na mkazo au na kiimbo cha swali. Jibu la hilo hutokana na muktadha wa usemi pamoja na sikio la mjuzi wa lugha.

Kwa maoni yetu, mchoro uliobandikwa katika tasnifu bila kutaja mipaka iliyotumika, jinsia na umri wa msemaji, na sentensi nzima iliyotamkwa, haustahili kukubaliwa kuwa ushahidi. Ni pambo tu. Mtahini hana budi kumrudishia mwandishi aurekebishe, kwani kosa la dirisha likishachapishwa hugeuka kuwa kanuni ya lugha.