Hati ya Kupandia Meli: Hesabu ya Msafiri wa Jinja na Mbale

Mtu wa Mbale anayekwenda Mombasa kwa basi anaweza kufika ufukweni bila pasipoti. Anapita Tororo, anashuka Malaba, anatoa kitambulisho cha taifa, kile ambacho wengi huku hukiita endagamuntu, afisa anakisoma, na basi linaendelea hadi Nairobi. Kesho yake anakata tiketi ya treni ya SGR kwa namba ya kadi ileile, na jioni anaoga baharini. Tatizo linamngoja bandarini. Njia nzima imemzoesha kwamba kadi inatosha, na meli iliyo mbele yake inakwenda Zanzibar.

Wengi huchagua hati kwa kuangalia mpaka wa kwanza, kwa kuwa ndio walio karibu nao na ndio wanaousikia kwa majirani. Safari ya meli inataka hesabu ianzie upande wa pili. Tafuta bandari iliyo ngumu kuliko zote katika ratiba, uliza inadai nini, kisha rudi nyuma kituo kwa kituo hadi nyumbani. Hati inayokubalika pale pagumu ndiyo hati ya safari nzima. Kuelewa kwa nini iko hivyo, inabidi tuone kitambulisho kilipataje nguvu ya kuvuka mpaka, na nguvu hiyo inakomea wapi.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 2010. Kuhusu hati za kusafiria, itifaki iliacha mlango wazi: nchi wanachama zilizokubaliana kutumia vitambulisho vya taifa vinavyosomeka kwa mashine zinaweza kufanya hivyo. Hakuna aliyelazimishwa, na hakuna aliyezuiwa kwa sababu mwenzake hayuko tayari. Kenya, Uganda na Rwanda zikaingia kwa mlango huo, na kuanzia Januari 2014 raia wa nchi hizo tatu wakaruhusiwa kutembeleana kwa kitambulisho. Tanzania haikuingia. Burundi nayo haikuingia. Kongo ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024, uanachama huo haukumfanya Mganda aende Goma au Mogadishu kwa endagamuntu. Jumuiya ni jambo moja, makubaliano ya vitambulisho ni jambo lingine, na ramani zake hazilingani.

Kwa upande wa Uganda kulikuwa na jambo la ajabu: makubaliano yalitangulia kadi. Usajili mkubwa wa raia ulianza Aprili 2014, miezi kadhaa baada ya mpaka kufunguliwa kwa vitambulisho, na Sheria ya Usajili wa Watu iliyoanzisha NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, ilikuja 2015. Naiheshimu kazi iliyofanyika miaka ile. Watu walipigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole hadi vijiji vya juu Bududa na Bulambuli, ambako gari halifiki mvua ikinyesha.

Chukua kadi mojawapo ya miaka hiyo uigeuze nyuma. Chini kuna mistari mitatu ya herufi na tarakimu, kila mmoja una nafasi 30, na ndani yake utaona herufi UGA. Huo ndio mpangilio uliowekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga kwa kadi za kusafiria. Pasipoti ina mistari miwili ya nafasi 44. Baada ya tarehe ya kuzaliwa hufuata tarakimu moja ya ulinzi. Mtu aliyezaliwa 14 Machi 1986 anaandikwa 860314. Mashine inazidisha tarakimu hizo kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1: inapata 56, 18, 0, 21, 3 na 4. Jumla ni 102. Ukigawa kwa 10 inabaki 2, na hiyo 2 lazima iwepo mwishoni. Mtu akibadilisha mwaka kwa kalamu au kwa kompyuta bila kujua hesabu hii, mashine inamkamata papo hapo. Kwa hiyo kitambulisho hicho hakikupewa heshima ya mpakani kwa hisani. Kiliumbwa kisomeke kule.

Ila kina upungufu mmoja wa kimaumbile: hakina ukurasa wa kugongwa muhuri. Ushahidi kwamba uliingia Kenya kihalali ni rekodi iliyo kwenye kompyuta ya uhamiaji, pamoja na karatasi yoyote utakayopewa dirishani. Karatasi hiyo itunze mpaka urudi. Nalisema hili nikiwafikiria watu wa Lwakhakha hasa. Pale mto unavukwa kwenda sokoni na kurudi, na mwaka wa shufwa, Agosti inapofika, ndugu zetu Wabukusu wa Bungoma wanakuja kwenye tohara ya imbalu Mbale na wenyeji wa Mbale wanakwenda kwao, mara nyingi bila kupita kwa afisa yeyote. Kwa ziara ya siku moja kwa shangazi hakuna anayeulizwa. Lakini aliyeingia hivyo akaunganisha hadi Mombasa atafika kaunta ya kutokea akiwa mtu ambaye, kwa mujibu wa kompyuta, hajawahi kuingia Kenya. Wa kwenda melini apite Malaba, Busia au Suam, na hata huko Lwakhakha apite dirishani.

Sasa Zanzibar. Raia wa Uganda hahitaji viza kuingia Tanzania, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: wakisikia hakuna viza wanadhani hakuna pasipoti. Tanzania inataka pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na uhamiaji wa nchi yako. Hati ya muda inamfaa mfanyabiashara anayevuka Mutukula na kurudi. Kwa meli ya matembezi siishauri, kwa sababu katika safari hiyo anayekukagua kwanza ni kampuni ya meli, na yeye hukagua kwa jicho kali kuliko serikali. Abiria akikataliwa bandarini, ni kampuni inayobeba mzigo wa kumrudisha, mara nyingi pamoja na faini. Ndiyo maana karani aliye chini ya ngazi ya meli hataki ubishi wa itifaki. Anataka kitu anachokijua. Meli nyingi za aina hii zinazopita Mombasa na Zanzibar hugusa pia visiwa na nchi zilizo nje kabisa ya Jumuiya, na huko karatasi ya muda ya Afrika Mashariki hakuna anayeitambua.

Wamarekani wana mfano unaofanana na wetu. Tangu 1 Juni 2009 raia wao anayepanda meli katika bandari ya Marekani na kurudi bandari ileile anaweza kuingia kwao kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali chenye picha, bila pasipoti. Nafuu hiyo ni ya baharini tu. Abiria akiugua njiani akashushwa kisiwani, au akiachwa na meli, lazima arudi kwa ndege, na kwa ndege anadaiwa pasipoti. Nafuu yoyote ya hati imefungwa kwenye njia yake, na safari ya bahari ndiyo rahisi kuliko zote kutoka nje ya njia iliyopangwa: upepo, ugonjwa, hitilafu ya injini. Chagua hati itakayokusaidia siku mambo yakiharibika.

Kwa hiyo pasipoti. Uganda ilianza kutoa pasipoti za kielektroniki, zenye jina la Jumuiya juu ya jalada, Desemba 2018, na ada ya kawaida ni shilingi 250,000. Maombi yanajazwa mtandaoni, ada inalipwa, kisha unapangiwa siku ya kwenda mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mbale kuna ofisi ya kanda, kwa hiyo mtu wa Sironko au Budaka hana haja ya kulala Kampala. Familia ya watu watano ni shilingi 1,250,000 kabla ya nauli hata ya boda. Kwa mwalimu au muuza vitenge hizo ni fedha nyingi mno, na kwa sababu hiyo natamani siku Tanzania nayo iingie kwenye makubaliano ya vitambulisho. Kadi ile inasomeka Dar es Salaam sawasawa na inavyosomeka Malaba. Mpaka siku hiyo ifike, familia yenye bajeti ndogo inaweza kwa heshima kabisa kuchagua likizo ya Mombasa na Malindi pekee, kwa kadi, na kuiacha Zanzibar.

Hata hapo kuna watoto. Kadi ya taifa hutolewa kuanzia miaka 16. Mtoto wa miaka tisa ana namba ya NIRA kama amesajiliwa, lakini hana kadi, na namba peke yake haivuki mpaka. Wazazi wengi hufika na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au barua ya mwenyekiti wa LC1 yenye muhuri wa zambarau. Barua ya LC1 ina kazi zake nyingi, ila mamlaka yake yanaishia kijijini. Kinachohesabika ni cheti cha kuzaliwa kilichotolewa na NIRA, na kwa safari ya meli kinachohesabika ni pasipoti ya mtoto mwenyewe. Akisafiri na mzazi mmoja, au na nyanya yake, beba barua ya idhini ya mzazi aliyebaki pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Masharti haya yanachosha, lakini mimi niko upande wa afisa anayeyasimamia. Mpaka wetu umeshuhudia watoto wengi wakivushwa na watu wasio wazazi wao.

Anza na watoto, basi, kwa maana ndio wanaokawia. Cheti hutangulia, pasipoti hufuata, na palipo na tofauti ya jina kila kitu husimama. Majina ndiyo ugonjwa wetu mkubwa. Kwenye cheti cha shule ni Muhammad, kwenye kadi ni Mohamed, kwenye tiketi aliyoikata mjomba ni Mohammed. Mama ameolewa, anajulikana mtaani kwa jina la mume, lakini kadi yake bado ina jina la baba. Mashine haijui mila zetu. Inalinganisha herufi kwa herufi. Tiketi ya meli iandikwe kwa kunakili pasipoti, jina la ukoo mahali pake na mengine mahali pake, na anayekata tiketi awe ameishika pasipoti mkononi.

Tarehe za mwisho nazo zina mtego. Kadi za mwanzo za Uganda zilitolewa kwa miaka 10, zikaanza kufikia ukomo 2024, serikali ikasogeza mbele uhalali wake wakati zoezi la kuandikisha na kuhuisha likiandaliwa, likaanza Mei 2025. Tangazo la kuongeza muda ni sheria ndani ya Uganda. Afisa wa nchi nyingine anasoma tarehe iliyochapwa kwenye plastiki. Kwa pasipoti, hesabu miezi sita mbele ya siku ya kurudi, maana nchi nyingi na kampuni nyingi za meli hudai hivyo.

Kuna hati moja ambayo haina picha na ndiyo inayosahaulika zaidi: cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Uganda imo katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Tanzania, pamoja na Zanzibar, inamdai cheti msafiri anayetoka nchi kama hizo. Kinaanza kuwa halali siku 10 baada ya sindano, hivyo sindano ya Ijumaa kwa safari ya Jumatatu ni kazi bure. Tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani linakitambua kwa maisha yote ya aliyechanjwa; cha zamani kilichoandikwa miaka 10 usikitupe.

Wageni wanaokuja Jinja kwa rafu na kayaki wana hesabu yao. Viza ya pamoja ya utalii, dola 100 kwa siku 90, inawatosha Uganda, Kenya na Rwanda. Zanzibar haimo, na mgeni akishatoka nje ya nchi hizo tatu viza hiyo inakoma, hivyo kurudi Jinja kunahitaji nyingine. Mwenye hoteli au mwongozaji anayewauzia safari ya pwani anapaswa kuwaambia hivyo kabla hawajalipa.

Hesabu hiihii itatufikia ziwani. Meli za shirika la reli zilizokuwa zikizunguka Ziwa Viktoria zilitia nanga Jinja, Port Bell, Bukoba, Mwanza, Musoma na Kisumu. Mwanza imejengwa MV Mwanza ya abiria 1,200, na mpango wake unataja pia bandari za Uganda na Kenya. Siku mtu wa Jinja atakapoweza kukata tiketi ya kuzunguka ziwa zima, Kisumu atashuka kwa endagamuntu, na Mwanza atatakiwa pasipoti, katika safari moja na meli moja.

Kabla ya kuondoka, piga picha kila ukurasa wenye taarifa zako, uziache kwa mtu wa nyumbani na uzitume kwenye barua pepe yako. Ukipoteza pasipoti, anza polisi kupata taarifa ya upotevu, kisha ubalozi: Uganda ina ubalozi Dar es Salaam, na ubalozi mdogo Mombasa. Watakupa hati ya dharura. Hati hiyo ni ya kurudi nyumbani tu, na meli itaendelea na safari bila wewe, kwa hiyo pesa ya basi la kurudi Malaba iwekwe mfuko tofauti na pasipoti.